Bhullan na Mlango wa Kaka Yake

Bhullan Chaudhari ni pande la mtu. Enzi zile akija kwangu kunyolewa nilikuwa namkalisha chini kwenye mkeka, maana kigoda changu cha kwanza alikivunja kwa kukikalia tu. Analima miwa kama wenzake wote hapa Semrahi, na baridi ikiingia anaikamua na kuchemsha sukari guru nyuma ya nyumba yao. Ujanani alipigana mieleka mpaka wilaya za jirani. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa hapa Bhullan ni nani, hatakutajia miwa wala mieleka. Atakwambia: ah, yule ndiye Kumbhkarna.

Kila mwaka mvua zikikatika tunaigiza vita vya Rama na Ravana, mfalme wa majitu aliyemteka mke wake, kwenye uwanja wa kando ya bwawa. Tunaanza alasiri, jua likiwa bado lina nguvu. Mimi Chhedi, kinyozi, ndiye ninayewapaka waigizaji rangi, kama alivyofanya baba yangu, kwa hiyo najua nani hugombea nafasi gani. Kila mzazi anataka mwanawe awe Rama. Ravana nayo inatakiwa, kwa sababu ya zile taji na kile kicheko. Kumbhkarna, mdogo wake Ravana, lile jitu linalolala nusu mwaka na likiamka linakula ghala zima, hakuna aliyemtaka. Kwetu alikuwa kichekesho. Watu wanampigia ngoma masikioni, anaamka, anakula kikapu cha mikate ya kukaanga, anajamba, anaingia vitani, anakufa. Basi.

Aliyekuwa akiigiza sehemu hiyo alipohamia Kanpur kutafuta kazi ya kiwandani, macho ya wote yalimgeukia Bhullan. Alikubali bila maringo. Siku ya mazoezi akala mikate yake, watu wakacheka, kisha akabaki amesimama pale pale katikati ya uwanja.

Pandit Girija, kasisi wa hekalu ambaye ndiye msimamizi wa mchezo, akamwuliza anangoja nini.

"Nangoja kuongea na kaka yangu," Bhullan akasema. "Kwenye hadithi, Kumbhkarna akiamka anamwambia Ravana ukweli. Bibi yangu alikuwa akitusimulia. Mbona hapa hakuna?"

Kasisi akamweleza kwamba watu wanakuja kucheka, na jua halimsubiri mtu.

"Wacheke nikiwa nakula. Nikimaliza kula, nipeni nafasi yangu."

Mwanamieleka akisema jambo kama hilo kwa upole, msimamizi humpa anachotaka. Mwaka ule, mbele ya uwanja uliojaa, Bhullan alifuta mafuta mdomoni, akamgeukia Ravana na kumwambia kwamba amefanya ubaya. Umemchukua mke wa mtu na kumfungia bustanini, hukuniuliza wakati wa kumchukua, leo mji unaungua ndiyo unaniamsha. Kisha akasema: lakini wewe ni kaka yangu, na mtu hachagui kaka. Akainama, akagusa miguu ya Ravana, akachukua rungu lake na kwenda kufa. Watoto waliokuwa wakitupa maganda ya karanga waliacha. Wanawake walilia. Toka mwaka huo hakuna aliyethubutu kumwomba ajambe.

Mjadala wa nyuma ya jukwaa ulihamia kibandani kwangu. Ravana alikuwa na mdogo mwingine, Vibhishana, ambaye naye alimwambia ukweli, na alipofukuzwa akahamia upande wa Rama. Nani alifanya vyema kati ya wawili hao? Wengi walimpigia kura Vibhishana, maana ndiye aliyepona na kurithi ufalme. Bhullan alisikiliza povu likiwa mashavuni.

"Wote wawili walikuwa na haraka," akasema. "Mmoja alihama, mwingine akaenda kuuawa. Na yule mama bado amefungiwa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumfungulia."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Sasa nieleze habari za Jagesar, kaka yake wa damu. Baba yao alikufa kwa kipindupindu Bhullan akiwa bado anabebwa. Jagesar aliacha shule, akashika jembe. Walikuwa na nyati mmoja, na maziwa yake yote yalikuwa ya Bhullan, kwa sababu Jagesar alishaamua kwamba mdogo wake atakuwa mwanamieleka. Yeye mwenyewe alikunywa mchuzi wa dengu na kusema maziwa yanamsumbua tumbo. Nilimwona kwa macho yangu akimbeba mabegani kutoka mashindanoni, kijana mwenyewe keshamzidi uzito, magoti ya Jagesar yakitetemeka, naye anacheka njia nzima. Bhullan hajawahi kumwita kaka yake kwa jina.

Lakini mambo yalipomnyookea, Jagesar alibadilika. Alijenga nyumba ya matofali, akanunua trekta, akaacha kula vitunguu mbele za watu kama wafanyavyo wa matabaka ya juu, akaanza kusema "sisi watu wa heshima". Wazee wa ukoo wetu walikuwa wakiwaoza wajane bila tatizo. Mwanamke akifiwa angali kijana, baba yake anamtafutia mume mwingine, wanakula wali, maisha yanaendelea. Jagesar aliona watu wa matabaka ya juu hawafanyi hivyo, naye akajifunza kutofanya.

Kisha mwanawe wa pekee, Surajbali, akapinduka na trela la miwa kwenye njia ya kiwanda. Aliacha mke, Sugiya, na binti mchanga aitwaye Kajri. Sugiya alivunja bangili zake, kama afanyavyo mjane, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa ndio kwanza wanazivaa. Jagesar hakulia mbele ya mtu. Alikuwa akikaa uani na yule mtoto mapajani, akimtazama macho, kwa sababu macho yalikuwa ya Surajbali, hilo kila mtu aliliona.

Mwaka ulipopita, Nanhku, baba yake Sugiya, alikuja kutoka Barhara kwa adabu zote. Alisema amempata mgane mmoja wa Basti, mtu mtulivu mwenye shamba, na yuko tayari kumlea mtoto. Akaomba ruhusa ya kumchukua binti yake. Sugiya mwenyewe alishakubali.

Jagesar alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mkamwana wa nyumba hii hutoka akiwa maiti, amebebwa kwenda kuchomwa. Akitaka kuondoka, aondoke, mtoto anabaki. Sugiya alipojibu kwamba hatoki bila mtoto, Jagesar alitia kufuli kwenye mlango wa ua wa ndani na kufunga ufunguo kwenye kamba ya kiunoni mwake. Chakula kilipitishwa dirishani na Phulmatia, mkewe Bhullan.

Phulmatia alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa ulimi. Alizoea kusema kwamba miungu walimpa mumewe mwili na yeye wakampa maneno, ili nyumba isikose kitu. Lakini mbele ya Jagesar, kwa desturi yetu, alikuwa akishusha sari mpaka kidevuni na kunyamaza, kama inavyompasa mke wa mdogo mtu. Usiku huo maneno yote yalimwangukia Bhullan.

Kesho yake Bhullan alimkuta kaka yake kwenye sufuria kubwa la sukari guru, anakoroga. Yaliyosemwa pale alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Kaka, mfungulie mtoto wa watu aende kwao."

Jagesar hakuinua macho. "Nani kakutuma? Mkeo?"

"Ningetumwa na mke wangu ningekuja napiga kelele. Nimekuja mwenyewe."

"Aende. Mtoto abaki."

"Mtoto ananyonya."

"Maziwa ya nyati yapo. Wewe si ulikua kwayo?"

"Nilikua kwayo, na mama nilikuwa naye."

Jagesar akaligonga koleo ukingoni mwa sufuria. "Usiniletee maneno ya jukwaani, Bhullan. Pale unakufa jioni, asubuhi uko hapa unakula chapati zangu."

"Haya si ya jukwaani. Unakosea, kaka. Nakwambia tukiwa wawili ili nisije nikakwambia mbele za watu."

Jagesar akaanza kukoroga tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, itakuwaje watu wa Barhara wakija na fimbo.

"Wakija kukupiga," Bhullan akasema, "watanikuta mimi."

Jagesar akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisikia alichotaka kusikia.

Walikuja asubuhi moja ya ukungu. Mimi nilikuwa barazani namnyoa Jagesar. Shavu moja nilikuwa nimemaliza, la pili limejaa povu. Nanhku alitangulia, nyuma yake wanawe na jamaa zao, kila mmoja na fimbo ya mwanzi iliyopakwa mafuta. Vibarua wa Jagesar nao wakatoka mashambani na fimbo zao. Jagesar hakuinuka kwenye kitanda cha kamba. Aliita tu: "Bhullan. Simama mlangoni."

Bhullan akatoka nyuma ya nyumba, mikono inanata sukari guru, akaenda kusimama kwenye mlango wa ua wa ndani. Vibarua wakatulia, walijua hapo hapapitiki. Watu wa Barhara nao walimpima kwa macho, na mmoja wao nikamwona anabadilisha mkono wa kushikia fimbo.

Kisha Bhullan akauacha mlango. Alitembea polepole mpaka mbele ya Nanhku, akainama na mwili wake wote, akamgusa miguu.

Kwetu upande wa mume haumwinamii baba wa bibi arusi. Yeye ndiye anayeinama, tangu siku ya harusi mpaka anakufa. Nanhku alirudi nyuma kana kwamba amekanyaga kaa la moto.

"Mzee wangu, karibu," Bhullan akamwambia. "Mwanao utaondoka naye leo, na mjukuu wako pia. Lakini atakayemgusa kaka yangu ataanza na mimi. Nimeeleweka?"

Nanhku alikubali kwa kichwa tu. Bhullan akamgeukia Jagesar.

"Kaka, naomba ufunguo."

"Umerogwa?"

"Naomba ufunguo, kaka."

"Mimi nimekunyima nini maisha yako yote?" Jagesar akasema. "Nimekunyima nini hata univue nguo mbele ya watu?"

"Hujaninyima kitu. Ndiyo maana nakuomba mimi, asije akakuomba mwingine kwa fimbo."

Jagesar aliweka kiganja juu ya ile kamba ya kiunoni na kugeuza uso. Kutoka zizini ikasikika sauti ya Phulmatia, sari imefika kidevuni, anaongea na nyati. Alimwambia nyati kwamba nyumba hii imekosa wanaume, kwa hiyo yeye nyati ajiandae kufungua mlango kwa pembe. Baadhi ya watu waliguna kwa kucheka, hata mmoja wa wale wa Barhara.

Bhullan hakuomba tena. Alirudi mlangoni. Ule ulikuwa mlango wa zamani wa mti mgumu wa sali, walioutoa kwenye nyumba ya udongo ya baba yao na kuupachika kwenye nyumba mpya. Hauna bawaba, unazunguka kwenye vishimo juu na chini. Alichuchumaa, akaingiza vidole chini yake, akaweka bega, akauinua. Ukuta ulilia, vumbi la chokaa likamwagika kichwani mwake. Akautoa mzima mzima na kuuegemeza ukutani, taratibu, kama mtu anayeegemeza ngazi. Kufuli lilibaki limefungwa.

Sugiya alitoka na Kajri kiunoni na bunda la nguo mkononi. Alipofika katikati ya baraza, Jagesar akaruka kutoka kitandani na kumshika mtoto mguu. Sidhani alitaka kumnyang'anya. Nadhani hakujua anataka nini. Lakini Dhanpat, kaka yake Sugiya, kijana wa hasira za karibu, aliona mkono tu. Aliinua fimbo akaishusha kwa nguvu zake zote kichwani kwa Jagesar.

Haikufika. Bhullan alishaingia katikati, na fimbo ikamwangukia begani. Nilisikia mfupa. Mimi nilikuwa karibu nao, wembe mkononi, na sauti ile bado ninayo masikioni.

Hakuanguka. Aliunyoosha ule mkono wa kushoto, akaichukua fimbo mikononi mwa Dhanpat, ambaye aliiachia kama mtoto anayenyang'anywa kisu.

"Umeshapiga," Bhullan akamwambia. "Deni limekwisha. Mchukue dada yako, mwende."

Hakuna aliyesogea. Jagesar alikuwa bado ameshika kile kiguu, povu linamtiririka shingoni. Sugiya, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumwonyesha baba mkwe wake uso, akarudisha sari nyuma na kumtazama.

"Baba," akasema, "mbariki."

Jagesar aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Midomo yake ilitikisika, sikusikia alichosema. Mkono ulipoondoka, Kajri alibakiwa na povu la sabuni kwenye nywele, akaanza kulilamba lilipomteremkia. Kisha wakaondoka, na ukungu ukawafunika kabla hawajafika bwawani.

Jagesar akarudi kukaa. "Malizia," akaniambia. Nikamnyoa shavu la pili.

Wiki ile ile majiko yaligawanywa. Phulmatia alijenga la kwake upande wa mashariki, na ndugu wawili waliokula sahani moja maisha yao yote wakawa wanasikia kila mmoja harufu ya mboga za mwenzake bila kuonja. Jagesar hakusema naye. Akitaka kumfikishia jambo, la nyati au la zamu ya maji, alinituma mimi. Bhullan kila asubuhi alipita barazani, akainama, akagusa miguu ya kaka yake, na kwenda zake. Jagesar aliiacha miguu pale pale. Hakubariki, lakini hakuivuta.

Mfupa uliungwa vibaya. Mpaka leo mkono wake wa kulia haupiti usawa wa bega. Mchezo ulipofika alishika rungu kwa kushoto, na uwanja ulifurika kuliko miaka yote, watu wametoka hata Barhara. Kabla ya kuanza, muuza tambuu mmoja alimtania nyuma ya jukwaa nikiwa nampaka rangi.

"Kumbhkarna, si ungeomba ucheze Vibhishana mwaka huu? Umeshageuka."

"Vibhishana alihama," Bhullan akamjibu. "Mimi nimehamia wapi? Nalala ukuta mmoja naye, nasikia anavyokoroma."

Nilimwuliza, alipoondoka yule, kama anajutia ule mkono. Akasema kwamba anajutia mlango, maana alipoupachika tena ulikataa kukaa sawa, na upepo wa baridi unapita.

Harusi ya Sugiya ilifanyika Basti baada ya mavuno ya ngano. Nanhku alituma mtu kumwalika Bhullan, na Phulmatia alitumia siku nzima kufua kilemba. Asubuhi ya safari, walipotoka nje, walikuta gunia la sukari guru limewekwa juu ya mkokoteni wao, la ile rangi ya asali ambayo Jagesar peke yake hapa kijijini anajua kuipata. Jagesar mwenyewe alikuwa barazani ameipa njia mgongo, anafunga kamba ya kitanda ambayo haikuwa imelegea.

Huko Basti walimkalisha Bhullan upande wa wazee wa bibi arusi. Sugiya alipotaka kuinama miguuni pake, alimzuia, kwa kuwa kwetu binti hamwinamii baba, naye sasa alikuwa binti. Gunia akalikabidhi kwa sauti ya kusikika na wote: "Hili limetoka kwa babu yake Kajri."

Alirudi na jibu. Mume mpya, ambaye kweli alikuwa mtu mtulivu, alimwambia kwamba mtoto akishaachishwa ziwa na kuweza safari ataletwa, asifungiwe mlango wa babu yake. Bhullan alilifikisha neno hilo yeye mwenyewe, bila kunituma mimi. Alisimama mbele ya kitanda cha kamba na kusema, "Kaka, majira ya baridi ataletwa." Jagesar akauliza mtoto wa umri ule anakula nini.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia. Hakuwahi kusema kwamba alikosea, na Bhullan hakuwahi kumdai aseme. Majiko yalibaki mawili, kwa sababu Phulmatia alishazoea lake na hakutaka kusikia habari ya kulibomoa.

Kajri aliletwa. Siku ya kwanza alimkimbia Jagesar kwa sababu ya masharubu, na Jagesar akaniita asubuhi hiyo hiyo niyanyoe, yeye aliyekuwa akiyajivunia tangu ujana. Toka hapo kila majira ya miwa anakuja. Sasa ni msichana mrefu, anasoma Basti, anaongea haraka mpaka Jagesar, ambaye masikio yamempungua, anamgeukia Bhullan na kuuliza amesema nini. Bhullan anarudia kwa sauti kubwa. Mara nyingi anachorudia sicho alichosema Kajri, na wote watatu wanaishia kubishana huku sukari inaungua.